Siku Niliyosema Mbele ya Hakimu Kwamba Niliangushwa

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la nne hapa Rumonge, na sijuti, kwa sababu wale waliobaki darasani leo wananunua mawese kwangu. Nilianza kwa kusukuma baiskeli za wengine kwenye vilima vya Minago, nalipwa muhogo. Baadaye nikaaminiwa bido moja, lile dumu la njano la lita ishirini. Halafu mbili. Leo nina baiskeli sita barabarani, nina mashine ya kukamua mawese, nina nyumba ya bati na choo cha sementi ambacho majirani huja kuniomba wakipata wageni wa maana. Yote hayo niliyapata kwa miguu hii. Ndiyo maana nataka kueleza mwenyewe habari za mguu wangu wa kulia. Mtaani wanaieleza vibaya, na wengi wanaoieleza hawakuwepo.

Asiyebeba mawese hajui kazi yetu. Mawese unayobeba si yako. Ni ya mama fulani wa mlimani, ameyachemsha kutwa nzima mpaka macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Anakupa bido zake bila karatasi, bila shahidi, na wewe unazifikisha sokoni. Kinachomlinda ni jina lako tu. Sasa mtu akianguka akamwaga, hata mara moja, sisi wabebaji tunamwita Mumwagaji, na jina hilo linapanda mlimani kabla yeye hajainuka. Akina mama wanaficha bido zao wakimwona. Nimeona wanaume wazima, wenye wake na watoto, wakirudi kulima kwa sababu ya bido moja iliyopasuka. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini katika barabara hiyo na sikuwa nimemwaga hata kikombe. Na nilikuwa nabeba sita. Kuna watu wanabeba nne na wanatembea wakijisifu.

Mwenye baiskeli sita anaweza kukaa nyumbani na kungoja. Mke wangu alikuwa ananiambia hivyo kila wiki. Lakini hao ninaowapa baiskeli zangu wangemjuaje tajiri wao? Kwa hiyo siku za soko nilikuwa nabeba mwenyewe, ili waone.

Siku hiyo nilikuwa natoka Minago kuja Rumonge, kama saa tatu asubuhi, bido sita nyuma, ziwa kulia kwangu. Mbele kulikuwa na mteremko mrefu, nami nilikuwa naushika vizuri, kandambili ya tairi imekandamiza gurudumu la nyuma, maana breki za dukani haziwezi mzigo ule. Gari lilikuja kutoka nyuma. Watu wananiuliza kwa nini sikulisikia. Sikulisikia kwa sababu halikuwa na sauti. Tangu mafuta ya gari yaadimike, madereva wamejifunza kuzima injini kwenye mteremko, gari linashuka bure, kimya, kama mwizi. Hili lilikuwa Probox tupu linaloenda kuchukua samaki. Lilipotaka kunipita, ubavu wake ulishika bido ya nyuma upande wa kushoto.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala katikati ya mawese ya watu, na mguu wa kulia umetazama upande ambao mguu hautazami.

Watu walikuwa wameshajaa. Polisi wa kizuizi hakuwa mbali, akaja na daftari lake. Dereva alikuwa amesimama, kofia mkononi. Sitasema alikimbia, hakukimbia.

"Muzee, nini imetokea?" polisi akaniuliza. "Hii gari ndiyo imekugonga?"

Nilitazama waliosimama pale. Walikuwepo wawili wa baiskeli zangu. Walikuwepo akina mama wa kwenda sokoni. Na alikuwepo mtu mmoja wa Minago, mbebaji kama mimi, mfupi, mwenye meno mengi, ambaye hatukuwa tumesalimiana kwa miaka sita. Alikuwa nyuma yangu kwenye mteremko ule ule. Ameegemeza baiskeli yake, bido nne nzima kabisa, na anatabasamu.

Kwetu anayelaza baiskeli kwa hiari hajaanguka, na haitwi jina. Nikamwambia polisi, "Hakuna mutu amenigonga. Mimi sigongwi. Nimeona gari, nimelaza baiskeli mwenyewe."

"Umelaza mwenyewe? Na muguu hivyo?"

"Mwenyewe. Andika."

Dereva akapata pumzi. "Afande, umesikia. Si mimi nasema, ni yeye."

Polisi akaandika. Nikatia sahihi nikiwa bado chini, mkono umejaa mafuta, jina langu zima kwa herufi zilizonyooka, kwa sababu jina langu ninaliandika vizuri kuliko waliosoma.

Hospitalini walinifunga plasta. Nikakaa nayo miezi, nikiwaongoza watu wangu kutoka kwenye kiti. Mawese yaliyomwagika niliyalipa yote, kila mama bido zake, na mlimani nikapeleka neno kwamba nimelaza baiskeli mwenyewe ili kuokoa maisha ya dereva. Wakaniamini. Wakaendelea kunipa mzigo. Hapo niliona nimeshinda.

Plasta ilipotolewa mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, na umepinda. Daktari akashika picha, akaiinua dirishani.

"Mfupa umeungana vibaya. Inabidi Bujumbura wauvunje tena, watie chuma."

"Na wasipouvunja?"

"Utatembea na fimbo. Baiskeli usahau. Na usichelewe sana, kadiri unavyongoja ndivyo inavyokuwa ngumu."

Akanitajia gharama. Ilikuwa ni mashine yangu ya mawese, sawasawa, kana kwamba alikuwa amekuja nyumbani kuipima. Niuze mashine nipate mguu, au nibaki na mashine nikiwa kilema. Nilirudi nyumbani sikula.

Mke wangu ndiye aliyesema. "Lile gari lina asiransi. Magari yote yana asiransi. Nenda wakulipie."

"Nimeshasema sikugongwa."

"Basi nenda useme uligongwa."

Yeye mambo yote kwake ni mepesi namna hiyo.

Nikaenda Bujumbura, kwenye ofisi ya bima ya lile gari. Nilivaa suti. Kijana wa mezani hakuinuka. Alikuwa na miwani na chai, na alinisalimia kwa Kifaransa ingawa aliona wazi mimi ni mtu wa namna gani. Akaitafuta karatasi ya polisi, ile wanayoiita peve, akaisoma mara moja kimya, halafu akanisomea mimi, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"'Hakuna mtu amenigonga. Nimelaza baiskeli mwenyewe.' Ni wewe huyu, muzee?"

"Ni mimi."

"Sasa unataka tulipe nini? Tukulipe kwa kulaza baiskeli?"

"Gari ilinigonga."

"Hapa haikukugonga."

"Nakuambia ilinigonga."

"Muzee, ulisema kitu kimoja ukiwa barabarani na damu, leo unasema kingine ukiwa umevaa suti. Mimi niamini kipi? Amahoro, enda nyumbani kwa amani." Akarudi kwenye chai yake. Nilimwambia kwamba ningeweza kununua meza yake na kiti chake na yeye akiwa amekikalia. Akasema mlango uko nyuma yangu.

Nilirudi Rumonge na hasira iliyonitosha kwa safari nzima. Nikatafuta wakili. Sikutafuta wa bei rahisi, nilimtafuta anayeogopwa, wakanielekeza kwa mama mmoja ambaye bado ni kijana, ana chumba nyuma ya duka la simu. Alizaliwa ukimbizini Tanzania, akarudi nchini na wazazi wake akiwa amesoma, na Kiswahili chake ni kile cha Kigoma, kilichonyooka, kinachokufanya ujisikie mchafu. Niliingia nikitegemea atanihurumia kwa sababu ya fimbo. Akaitazama peve.

"Baba, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu. Hata mutoto anaona ni nzuri."

"Nzuri sana. Ndiyo inayokumaliza." Akaiweka mezani. "Uliumia kichwani siku hiyo?"

"Kichwa changu ni kizima."

"Bahati mbaya. Kingekuwa kimeumia ningeiambia mahakama hukujua unachosema. Sasa niambie kwa nini ulisema uongo."

Nikamweleza habari ya Mumwagaji. Hakuna siku niliyowahi kumweleza mtu asiyebeba. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu, na nilipomaliza hakucheka, ila alinikazia macho mpaka nikatazama chini.

"Kwa hiyo ulitoa mguu ili usiitwe jina."

"Wewe hujui jina hilo linafanya nini."

"Najua peve inafanya nini. Utasimama mbele ya hakimu na utasema uliyoniambia hapa. Yote. Mahakama ni ya wazi, atakayekuja kusikiliza hafukuzwi. Na nataka shahidi. Nani aliona?"

"Wote waliona. Watu wangu wawili walikuwepo."

"Hao wanakula kwako. Wakili wa bima atasema umewanunua, na hakimu atakubali. Nataka mtu asiyekupenda."

"Wako wengi."

"Nataka yule asiyekupenda kuliko wote."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nitauza mashine. Akanirudishia peve yangu na kusema niiuze basi, na kwamba kuna watu wengine wanangoja nje. Kweli walikuwepo, watatu, kwenye benchi.

Nilipata wiki moja ya kufikiri, na katika wiki hiyo akaja mnunuzi kuitazama mashine. Akaipigapiga teke. Mashine niliyoijenga mimi, chuma kwa chuma, mtu anaipiga teke na kusema imechoka. Nikamfukuza. Kesho yake nikamwambia wakili aanze kesi, na siku ilipopangwa nikapanda taksi kwenda Minago.

Yule mfupi alikuwa uani kwake, amekaa mbele ya pipa la mawese linalochemka, anakoroga. Aliniona tangu barabarani, akaniacha nitembee njia yote na fimbo, bila kuinuka, na watoto wake wakitazama.

"Tajiri," akasema. "Tajiri wa bido sita. Leo umekuja na miguu mitatu."

"Amahoro."

"Amahoro. Kaa." Akanisogezea bido tupu, akaigeuza chini juu. Mimi, nyumbani kwangu nina makochi. Nikakaa.

Nikamweleza nilichotaka. Alikoroga wakati wote nilipokuwa nasema, kisha akaacha kukoroga.

"Yaani unataka nije mahakamani niseme uliangushwa."

"Useme ulichoona."

"Wewe ulisema umelaza."

"Nilisema."

"Niliposema mlimani kwamba umeangushwa, uliniita mwongo. Ulisema nina wivu. Ulisema mtu wa bido nne hawezi kujua mambo ya mtu wa bido sita."

Nilikuwa nimesema hivyo. Nilikuwa nimesema na mengine ambayo hakuyataja.

"Nitakuja," akasema. "Sitaki pesa yako. Lakini nitasema yote."

"Yote gani?"

"Uliita mama yako."

"Sikumwita."

"Mara tatu. Na hiyo nitaisema, na wabebaji wote watakuwepo kuisikia, nitawaita mimi mwenyewe. Unataka, hutaki?"

Mama yangu amekufa siku nyingi. Nikamwambia saa na siku ya kesi, nikainuka. Hakunisaidia kuinuka na sikungoja anisaidie.

Siku ya kesi, baiskeli kumi na nne zilikuwa zimeegemezwa kwenye ua wa mahakama. Nilizihesabu, mbili zikiwa zangu, na wanaoziendesha walikuwa wamenidanganya kwamba wanakwenda Muhuta. Wamekuja na karanga. Akina mama wa mlimani nao walikuwepo, wanne, wamevaa vitenge vya sikukuu. Wakili wangu alipita karibu akasema, "Vizuri, baba, umejaza watu."

Wakili wa bima alitoka Bujumbura, mrefu, sauti laini. Akaisoma peve yote. Akaisoma tena pale penye maneno yangu. Akaionyesha sahihi kwa mahakimu, na akasema mwandishi wa sahihi safi kama hii ni mtu aliyetulia na anayejua anachofanya. Siku nyingine ningefurahi kusikia hayo.

Kisha akaitwa yule mfupi. Akainua mkono, akaapa, na alipoanza kusema nikajua amejizoeza nyumbani.

"Gari lilizima injini juu kule, likanipita mimi kwanza, karibu linichukue. Huyu alikuwa mbele, amenyoosha shingo kama kawaida yake, hatazami nyuma. Likashika bido yake, hii ya nyuma, kushoto. Hakulaza kitu. Ukilaza unashuka, unaweka mguu. Huyu aliruka, mheshimiwa. Aliruka kama gunia la muhogo linalotupwa kutoka kwenye lori. Bido zikapasuka zote sita. Yeye akawa kwenye mafuta anaita mama yake. Mara tatu."

Kicheko kilitoka nyuma, kikaja mpaka mbele. Hakimu mkubwa akagonga meza. Wakili wa bima akangoja kitulie, akatabasamu naye.

"Shahidi, unasema vizuri kumsaidia rafiki yako."

"Rafiki nani?"

"Huyu."

Yule mfupi akageuka akanitazama, kisha akamtazama wakili kama mtu aliyetukanwa. "Huyu? Huyu alinipokonya mzigo wa mama mmoja ambaye nilimbebea tangu sijaoa. Mimi na huyu hatusalimiani. Alipoanguka nilifurahi, uliza watu, nilicheka mpaka Rumonge. Kama angekuwa amelaza mwenyewe ningekuja hapa kusema amelaza, abaki na fimbo yake. Lakini hakulaza. Aliangushwa, na mimi kuona ameangushwa ndiyo furaha yangu. Mnataka niifiche?"

Mama niliyedaiwa kumpokonya alikuwa amekaa pale pale, anafunga kitenge upya. Nasema hapa kama nilivyosema siku zote: sikumpokonya, alikuja mwenyewe, kwa sababu nilikuwa bora.

Wakili wa bima akakaa. Hakimu mkubwa akaniita. Nikasimama na fimbo. Akaniuliza kwa Kirundi, polepole, ili mwandishi apate kuandika: nililaza au niliangushwa? Na kama niliangushwa, kwa nini polisi aliandika vingine?

Karanga zilinyamaza. Niliona wale wawili wangu wamenitolea macho, na nilijua nikifungua mdomo, kesho asubuhi neno litakuwa limeshapanda mlimani. Nilifikiria kusema nililaza nusu. Kwa kweli nilifikiria. Halafu mguu ukaniuma, kwa sababu ulikuwa unauma kila ninaposimama.

"Niliangushwa," nikasema. "Sikuliona gari, sikulaza kitu. Nilisema nimelaza kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama, na kwetu anayemwaga anaitwa jina asilopona. Nilimwaga bido sita. Kama niliita mama, sikumbuki, lakini huyu hana akili ya kutunga."

Yule mfupi akanishukuru kwa sauti, "Murakoze," na watu wakacheka tena, na hakimu akamwambia akiendelea atamtoa nje.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki kadhaa, haraka, Kirundi kimejaa Kifaransa, na sikushika hata nusu. Nilimtazama wakili wangu. Alikuwa anaandika, akamaliza, akanigeukia.

"Umepata mguu wako, baba. Bima italipa upasuaji wote, na baiskeli, na mawese uliyolipa."

"Mguu ni wangu tangu zamani."

"Sawa," akasema, "basi wamekurudishia." Akakusanya karatasi zake akaenda kwa mteja mwingine. Sijawahi kuona mtu anayenisumbua kama yule mama, na nimewaelekeza kwake watu watano.

Mke wangu alitaka nimpelekee yule mfupi bido moja ya mawese kwa shukrani. Nilikataa. Alishalipwa, alinicheka mbele ya mahakimu watatu, na malipo hayo hayatamwishia mpaka afe.

Siku moja kabla ya kwenda kupasuliwa, yule mama niliyedaiwa kumpokonya alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amenipa mzigo wake miaka sita. Alisalimia kwa heshima, akauliza habari za mguu, akauliza habari za watoto, akazunguka zunguka, mwisho akasema amekuja kuchukua bido zake.

"Kwa sababu nimemwaga?"

"Si hivyo, baba. Lakini mlimani wanasema."

"Wanasema nini?"

Akatazama mlangoni. Nje yule mfupi alikuwa ameshaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wangu, anangoja kumbebea. Hakuingia ndani na sikumkaribisha. Bido zilikuwa sita, tupu, zimeoshwa, na alianza kuzipanga nyuma ya baiskeli, sita kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na akazipanga vibaya, zote zimeegemea upande mmoja.

Nilisimama mlangoni nikatazama kadiri nilivyoweza. Halafu nikaiegemeza fimbo ukutani, nikashuka kwa mguu mmoja mpaka kwenye baiskeli yake.

"Ondoa mkono," nikamwambia.

"Najua kufunga."

"Hujui sita. Unajua nne. Ondoa mkono."

Akaondoa. Nikazishusha zote, nikaanza upya, mbili chini, mbili ubavuni, mbili juu, nikavuta mpira wa tyubu mpaka ukalia, nikafunga fundo langu ambalo hakuna mbebaji mwingine analijua. Yule mama alikuwa ananitazama mikono. Mfupi naye alikuwa ananitazama mikono, anajifunza, nami nilijua anajifunza. Nilipomaliza nikaitikisa baiskeli nzima, bido hazikusogea.

"Wakikuuliza mlimani," nikamwambia, "sema nani amezifunga."

Akapanda, akaondoka barabarani na yule mama nyuma yake kwa miguu. Kesho yake asubuhi nikaenda Bujumbura wakauvunje.